Shimo Moja, Mishahara Miwili

Sauti tano za Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, na swali moja: anayefanya kazi ile ile katika mgodi ule ule alipwe sawa na mwenzake, hata kama mkataba wake umetiwa muhuri na kampuni nyingine? Majina hayapo. Vyeo vinatosha.

DEREVA WA LORI LA SHIMONI: Kabla hatujaanza kusomeana sheria, nisikilizeni kidogo. Lori ninaloendesha lina namba ubavuni. Usiku naliendesha mimi, mchana analiendesha mwenzangu. Kiti ni kile kile, breki ni zile zile, mteremko wa kuingia shimoni ni ule ule, na akichelewa kuja ndiye ninayemsubiri. Yeye ana beji ya mgodi. Mimi nina beji ya kampuni ya patron huyu aliyekaa mbele yangu. Mshahara wangu haufiki nusu ya wake. Sitaji tarakimu, maana tuko wachache tunaoendesha malori ya ukubwa huo na patron atanitambua mara moja. Nielezwe tu: nusu yangu iko wapi?

MWENYE KAMPUNI YA KANDARASI: Kwangu haiko, angalau si yote. Mgodi unatangaza zabuni ya madereva. Kampuni kadhaa tunaingia, na anayetaja bei ya chini ndiye anayeondoka na kazi. Katika bei hiyo nitoe mshahara wako, asilimia 13 ya mwajiri kwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, kodi, sare, viatu vya chuma, na basi la kukuchukua mtaani Manika alfajiri. Kisha mgodi unanilipa baada ya miezi miwili, mitatu, na wewe mwisho wa mwezi ukifika unataka chako, na ni haki yako. Ile miezi ya katikati nakopa benki kwa riba. Anayedhani nimejenga ghorofa kwa nusu ya mshahara wake aje afungue vitabu vyangu.

MWANASHERIA: Vitabu tutavifungua, usiogope. Tuanze na Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 86. Kinasema kwamba pale masharti ya kazi, ujuzi na tija vinapokuwa sawa, mshahara ni sawa kwa wafanyakazi wote, pasipo kuangalia asili yao, jinsia yao wala umri wao. Katika sentensi hiyo mwajiri hatajwi. Haikuandikwa "wafanyakazi wote wa kampuni moja". Imeandikwa wote.

MWENYE KAMPUNI: Maître, kunyamaza kwa sheria si amri. Kama "wote" ni wote kweli, basi dereva wa Kolwezi alipwe kama dereva wa bandarini Matadi, na mlinzi wa duka kama mlinzi wa benki. Mshahara hutoka mfukoni mwa mtu, na mfuko wangu si mfuko wa mgodi. Mimi nikiwalipa madereva wangu wawili tofauti kwa kazi moja, nishtaki. Lakini usinipime kwa mfuko wa jirani.

MWANASHERIA: Hoja hiyo ina mguu wa kusimamia, sitaidharau. Mahakama nyingi duniani zingeanzia hapo hapo: mfananishe mtu na mwenzake wa mwajiri yule yule. Ila kifungu chenyewe kina mpaka wake, nao ni "masharti sawa ya kazi". Dereva wa Matadi hayumo, kwa sababu yeye hashuki shimoni. Anayepokezana usukani na huyu yumo. Na kuna swali linalotangulia hayo yote: mwajiri ni nani? Sheria hiyo hiyo inasema mkataba wa kazi ni pale mtu anapofanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine kwa malipo. Ndugu dereva, zamu yako inapangwa na nani?

DEREVA: Na msimamizi wa mgodi. Yeye ndiye anayesema leo upande huu, kesho upande ule. Yeye ndiye anayenipima pombe langoni. Nikikwaruza lori, ripoti anaandika yeye. Patron namwona siku ya kusaini.

MWENYE KAMPUNI: Na siku ya kulipwa.

DEREVA: Siku ya kulipwa naiona simu yangu ikilia.

MWENYE KAMPUNI: Basi tuseme wazi, maana naona mnataka kunifanya mwizi wa kijiji. Kampuni kama yangu hazikuota zenyewe. Serikali ndiyo iliyotuita. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kandarasi ndogo ni za kampuni zenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongo kwa sehemu kubwa. Pakaundwa mamlaka ya kuisimamia, ARSP. Lengo lilikuwa fedha ya shaba na kobalti isipae yote kwenda nje, ibaki hapa, ijenge matajiri wetu. Tulilia miaka mingi kwamba wageni wanakula peke yao. Leo mwana wa Kolwezi amepata kandarasi, tayari amekuwa mnyonyaji?

MZEE WA GÉCAMINES: Sheria hiyo hiyo, mwanangu, inakataza kutoa kwa kandarasi ndogo zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya kazi. Umeikumbuka nusu inayokulisha. Halafu niambie: ilikuja kugawa faida ya mgodi kwa Wakongo, au kugawa mshahara wa Mkongo kwa Mkongo mwingine?

MWENYE KAMPUNI: Mzee, hilo ni neno zito.

MZEE: Nimelibeba muda mrefu. Nilianza kazi wakati Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ina kila kitu. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Nyumba, shule ya watoto, hospitali, posho ya unga, vyote vilitoka kwa mwajiri mmoja. Msinisikie vibaya, usawa haukuwepo hata kidogo. Kulikuwa na wakubwa wenye nyumba za bustani na sisi wa safu za matofali, na kila mtu alijua daraja lake. Lakini daraja lilikuwa limeandikwa. Ukiona mwenzako amekuzidi, ulikwenda kwenye ofisi moja kuuliza kwa nini. Kijana huyu aende ofisi gani? Akienda mgodini anaambiwa wewe si wetu. Akienda kwa patron anaambiwa mgodi haunilipi.

MWENYE KAMPUNI: Na mwajiri huyo mmoja alianguka, Mzee. Tusimpambe marehemu. Mlikaa miezi mingi bila mshahara, kisha 2003 na 2004 wakaondolewa watu 10,655 kwa pesa za Benki ya Dunia, ikaitwa kuondoka kwa hiari.

MZEE: Nilikuwa mmoja wao, na hiari siikumbuki. Kweli ulisema, mwajiri alianguka. Ila hakuangushwa na mishahara yetu.

MWANDISHI: Hapa niingize neno, kisha ninyamaze. Novemba 2021 shirika la RAID la Uingereza na kituo cha msaada wa kisheria CAJJ cha hapa Kolwezi walitoa ripoti kuhusu migodi mitano mikubwa ya mkoa wetu wa Lualaba. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa migodi hiyo hawakuwa wa mgodi, walikuwa wa kampuni za kandarasi. Ripoti hiyo ilikadiria pia kwamba familia ya Kolwezi ilihitaji angalau dola 402 kwa mwezi ili iishi kwa heshima, matibabu yakiwa nje ya hesabu. Kwa hiyo dereva wetu si mtu wa pembeni. Katika kobalti inayokwenda kwenye betri za dunia, mtu wa kawaida ni yeye. Anayezidi kuwa adimu ni yule mwenye beji ya mgodi.

MWENYE KAMPUNI: Dola 402 ni hesabu ya mashirika. Serikali ina hesabu yake, inaitwa SMIG, kima cha chini cha mshahara. Tangu 2018 ilikuwa faranga 7,075 kwa siku, na 2025 ikapandishwa hadi 14,500. Mimi nalipa juu ya hapo, na nilikuwa juu ya hapo hata kabla.

MWANASHERIA: SMIG ni sakafu ya kibarua asiye na ujuzi, yule wa kubeba na kufagia. Dereva wa lori la shimoni hapimwi kwa sakafu hiyo. Ngazi yake iko juu, na kila ngazi ina kipimo chake. Kusema unamlipa fundi zaidi ya SMIG ni kusema umemzidi mfagizi. Tena Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 36, haikuishia kwenye sakafu. Inadai malipo ya haki na ya kutosheleza, yanayompa mfanyakazi na familia yake maisha yanayolingana na utu. Hayo ni maswali mawili. La kwanza: je, yanatosha kuishi? La pili: je, ni sawa na ya mwenzako? Ukilijibu la kwanza, la pili bado lipo.

MWENYE KAMPUNI: Nami nalijibu la pili kwa neno ambalo Maître amelitaja haraka haraka akapita: tija. Mgodi huchagua kwanza. Dereva mwenye vyeti vyote, miaka mingi, asiye na ajali, wanamchukua wao. Mimi napewa wanaobaki, nawafundisha, na wakishaiva mgodi unanichukulia. Ni sawa yule wa miaka kumi alipwe na huyu wa mwaka jana mshahara mmoja?

DEREVA: Mizigo inahesabiwa na mashine, patron. Kila safari inaandikwa, na zamu ikiisha matokeo yanabandikwa ukutani kwa namba ya lori. Nendeni mkaisome ile karatasi. Kuna wiki usiku unaushinda mchana. Mimi sisemi mwenye miaka mingi asiongezwe. Aongezwe kwa miaka yake, nami nikifika miaka hiyo niongezwe. Lakini beji siyo miaka.

MWANASHERIA: Na ndiyo maana mshahara hufanywa siri. Anayedai tija si sawa alete vipimo. Vipimo viko kwa nani? Kwa mgodi. Mfanyakazi ana karatasi yake ya malipo tu, ya mwenzake haijui, na pengine mkataba umemkataza kuitaja. Usawa unaopimwa gizani hauwezi kudaiwa mchana.

MZEE: Maneno hayo ya tija na ujuzi nimeyasikia zamani. Wakati wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyokuwepo kabla ya Gécamines, mzungu na mweusi walisimama kwenye tanuru moja, na ilielezwa kwa utulivu mkubwa kwa nini mmoja anapata mara nyingi zaidi ya mwingine: ujuzi, mazoea, kuwa mbali na kwao. Desemba 1941 watu walikataa. Waliacha kazi kwa ajili ya mishahara, maana vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu. Tarehe 9 walikusanyika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, mji ambao wakati ule ukiitwa Élisabethville. Wanajeshi wakafyatua risasi. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pale, na wengine wengi pamoja naye. Watoto wa Kolwezi hawafundishwi hilo, wanafundishwa mwaka wa kuvumbuliwa kwa shaba.

DEREVA: Hata leo, Mzee, wapo wageni kwenye mitambo kama yetu. Hatuoni karatasi zao, tunaona wanakolala na wanachokula.

MWENYE KAMPUNI: Mgeni ameacha mke na watoto maelfu ya kilomita. Bila nyongeza haji. Huko ndiko kuwa sawa?

MWANASHERIA: Nyongeza ya umbali inaeleweka, ikiitwa jina lake na ikaandikwa pembeni. Kinachokatazwa ni mshahara wa msingi kupanda kwa sababu ya pasipoti. Kifungu cha 86 kinataja asili kabla ya jinsia na umri. Kwa nchi iliyopitia 1941, nadhani mpangilio huo haukuja kwa bahati.

MAMA WA MAABARA: Nimewaacha mwongee muda wote huu kwa sababu mimi kwenu ni ushahidi mzuri: nina beji ya mgodi. Mimi ndiye mwenye bahati anayesemwa. Napima sampuli za kobalti, nasaini matokeo, na bila saini yangu mzigo hautoki. Mnabishana kama kwamba ndani ya uzio usawa umeshapatikana, na tatizo ni la walio nje tu. Niulizeni.

MWANDISHI: Tunakuuliza, Mama.

MAMA WA MAABARA: Mshahara wangu wa msingi ni sawa na wa mwanamume wa daraja langu. Sawa kabisa, hadi senti. Kisha teremsha kidole kwenye karatasi ya malipo. Posho ya nyumba: nilipoomba niliambiwa mume wangu anapata kwake. Mume wangu ni mwalimu, anachopata kwake mnakijua. Matibabu: watoto wameandikwa kwa baba. Posho ya shimoni: maabara haishuki shimoni. Mwisho wa karatasi, mwanamume wa daraja langu amenipita mbali, na hakuna mstari hata mmoja ninaoweza kuunyooshea kidole nikasema hapa mmevunja sheria.

MWENYE KAMPUNI: Mama, hizo ni posho, si mshahara.

MAMA WA MAABARA: Sokoni Manika hawaniulizi faranga hii ni ya posho au ya mshahara.

MWANASHERIA: Hapa ndipo penye uchafu, na nakiri sheria yetu imechangia. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kazi kinapoeleza malipo ya kazi ni nini, kinatoa nje baadhi ya vitu: matibabu, nyumba au posho ya nyumba, posho za familia za kisheria, nauli. Kwa hiyo mwajiri mjanja anaweza kusawazisha mshahara wa msingi mbele ya mkaguzi, kisha akaweka tofauti yote kwenye vile visivyoitwa malipo. Ndivyo inavyofanyika kwa mama huyu, na ndivyo inavyofanyika kwa dereva. Muulizeni anakotibiwa mtoto wake.

DEREVA: Mwenzangu wa mchana, mke wake akijifungua, anapelekwa hospitali ya mgodi. Mimi nina karatasi ya zahanati, yangu peke yangu. Mke hayumo.

MWANASHERIA: Ila mlango upo. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1951, ambao Kongo iliuridhia 1969, unaita malipo kila anachopewa mfanyakazi kwa sababu ya kazi yake, kiwe fedha au kitu, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Nyumba imo. Hospitali imo. Na Katiba yetu, kifungu cha 215, inaweka mikataba iliyoridhiwa na kutangazwa juu ya sheria za nchi. Mama akija mbele ya jaji asisome kifungu cha 7 peke yake. Asome na mkataba huo.

MAMA WA MAABARA: Maître, kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Kifungu chenu cha 86 kinanitaka nitafute mwanamume anayefanya kazi kama yangu katika masharti kama yangu. Tuseme maabara imejaa wanawake. Nijifananishe na nani?

MWANASHERIA: Mkataba namba 100 unasema kazi yenye thamani sawa, hausemi kazi ile ile. Kenya wameliandika hivyo katika Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5: malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Maana yake mpima sampuli anaweza kuwekwa mizani moja na fundi wa mitambo: elimu, wajibu, hatari, juhudi. Sheria yetu haijafika hapo kwa maneno yake yenyewe, na mkataba umekaa miaka zaidi ya hamsini ukisubiri.

MWENYE KAMPUNI: Mnajenga nyumba nzuri sana hewani. Sasa niwaambie kitakachotokea ardhini. Sheria ikinilazimisha nilipe kama mgodi, mgodi hauna sababu ya kuwa na mimi. Sawa, mtasema, afadhali. Lakini mgodi hautawachukua madereva wangu wote. Utachukua nusu na kununua malori makubwa zaidi. Wengine watakwenda wapi? Watachukua nyundo na gunia, waingie kwenye mashimo ya kienyeji. Mnakumbuka Juni 2019, udongo ulivyowafukia wachimbaji zaidi ya arobaini kwenye shimo la KOV hapa Kolwezi. Nao hawakuwa na mkataba wa mtu yeyote. Mkiniua mimi, mnawapeleka huko.

DEREVA: Kila tukidai tunaonyeshwa mchimbaji aliyefukiwa. Juu ya ngazi hatutazami, tunatazamishwa chini tu.

MWENYE KAMPUNI: Na juu nako si raha kila siku. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kusafirisha kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, Oktoba ikaleta mgao wa kiasi cha kusafirisha. Mgodi ukikohoa, wa kwanza kupigiwa simu ni mimi: punguza watu.

MZEE: Hapo umesema ukweli wote bila kukusudia. Ndiyo kazi yako. Wewe ni mahali mgodi unapowekea watu unaotaka kuwapunguza bila kuwafukuza.

MWENYE KAMPUNI: ... Labda. Lakini watu hao mwezi uliopita walikula.

MWANASHERIA: Kwamba usawa huo hauwezekani, sikubali. Afrika Kusini wana mawakala wa ajira wengi kuliko sisi. Tangu 2015 sheria yao inasema mfanyakazi wa kipato cha chini aliyeletwa na wakala, akipita miezi mitatu, anahesabiwa wa kampuni anakofanya kazi, na asitendewe vibaya kuliko wenzake wa kazi hiyo bila sababu ya haki. Mawakala hawakufa wote. Anayeuza ujuzi ana nafasi ya kubaki; anayebanwa ni yule anayeuza tofauti ya mshahara.

MWENYE KAMPUNI: Na ukosefu wa ajira wa Afrika Kusini mbona hukuutaja?

MWANASHERIA: Ulikuwepo kabla ya 2015. Na shaba? Mei 2024 tani ilipita dola 10,000 huko London. Siku hiyo bei ya zabuni yako ilipanda?

MWENYE KAMPUNI: Haikupanda. Na hilo ndilo nitakalokubaliana nanyi, msinisikie nje ya chumba hiki. Bei ya kichwa cha dereva inapangwa na mgodi. Mimi nikiomba zaidi, kampuni ya pili inasubiri mlangoni. Andikeni sheria inayosema: zabuni yoyote ya kuleta watu isitaje mshahara ulio chini ya ule wa mgodi kwa kazi hiyo. Iandikeni kwa mgodi, msiiandike kwangu. Tushindane kwa mengine, kwa basi zuri, kwa mafunzo, kwa ajali chache. Mimi nitasaini wa kwanza.

MAMA WA MAABARA: Na posho ya nyumba imo katika sheria hiyo, baba?

MWENYE KAMPUNI: Mama, tusubiri kwanza iandikwe.

MAMA WA MAABARA: Hivyo ndivyo ninavyojibiwa kila mwaka.

DEREVA: Mimi siwezi kusubiri bunge. Mdogo wangu ni kibarua wa siku kwenye yadi. Kila akikaribia siku ishirini na kitu anaambiwa apumzike, arudi mwezi ujao. Nani anamfanyia hesabu hiyo?

MWANASHERIA: Mtu anayeijua sheria vizuri. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi: kibarua akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa wa kudumu. Ndiyo maana anapumzishwa. Na wewe mwenyewe, mkataba wako ni wa muda?

DEREVA: Wa mwaka. Ukiisha, zabuni inatangazwa, kampuni nyingine inashinda, nasaini upya. Kampuni zinabadilika, lori halibadiliki.

MWANASHERIA: Kifungu cha 41 kinakataza mikataba ya muda zaidi ya miwili kwa mwajiri mmoja. Kwa mwajiri mmoja: umeona njia walikopita. Lakini kifungu cha 42 kinasema kazi ya kudumu idumu na mkataba wa kudumu, na lori linalotembea mchana na usiku mwaka mzima ni kazi ya kudumu hata ukibadilisha muhuri mara ngapi. Hapo ndipo mimi ningeanzia kesi.

DEREVA: Nikienda kwa mkaguzi wa kazi Jumatatu, mkataba ukiisha hauongezwi.

MWENYE KAMPUNI: Mimi sijasema hivyo.

DEREVA: Hukuhitaji kusema, patron.

MZEE: Usiende peke yako. Mwaka ule wa 1941 hawakwenda mmoja mmoja. Nendeni madereva wote wa usiku, na wa mchana wawasindikize kama wana haya. Katiba inawaruhusu chama na inawaruhusu mgomo, kifungu cha 38 na cha 39. Sisi hatukuwa na karatasi hiyo.

DEREVA: Wa mchana wanaogopa, Mzee. Wanadhani tukisawazishwa, watashushwa wao.

MAMA WA MAABARA: Na wanaweza kushushwa. Mtu asiwafiche hilo.

MWANASHERIA: Mshahara ulioandikwa kwenye mkataba haushushwi kwa amri ya msimamizi, waambieni hivyo. Na wewe, shika haya mawili. Kwanza, mahakama haitakupokea kama hujapita kwa mkaguzi wa kazi kwa usuluhishi. Ni kifungu cha 298 cha Sheria ya Kazi. Pili, dai la mshahara lina mwaka mmoja tu tangu siku mshahara ulipopaswa kulipwa, kifungu cha 317. Ukikaa kimya mwezi huu, mshahara wa mwezi kama huu mwaka jana hauwezi kudaiwa tena.